Msimu wa Sabini na Tano

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi huyamwaga kila usiku, saa tano, taa zikiwa nusu,
lita mia nne za maji ya moto,
na asubuhi nayakuta pale pale
yamelala, magumu, yananingoja.
Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Kivisalmi: naendesha mtambo wa barafu.
Miaka thelathini na mmoja nimezunguka
na sijafika popote.

Msimu huu klabu imetimiza sabini na tano.
Wamerudisha jezi ya zamani, damu ya mzee na nyeupe,
sufu inayowasha shingoni.
Wametoa kalenda, vikombe, soksi.
Wamepaka mstari wa dhahabu katikati ya uwanja,
nami nikaambiwa: Rauno, usiuchubue.
Walichosahau kutengeneza ni ushindi.
Mechi kumi na moja mfululizo tumefungwa,
na Hilja wa soseji amebandika dirishani:
BEI YA JUBILEI. Bei ni ile ile.

Timu ya kwanza haikuwa na ukumbi.
Walicheza ziwani, nyuma ya kiwanda cha mbao,
theluji wakaifagia kwa matawi.
Namba za mgongoni zilikatwa kwenye pazia la nyumba ya dansi,
na mwaka ule mzima Kivisalmi ilicheza dansi dirisha wazi.
Golikipa alijifunga magazeti miguuni;
mkewe aliyaanika jikoni, akayasoma,
akajua habari za dunia
zikiwa na matundu.

Kati yao amebaki Eemil Torvela. Ana miaka tisini na sita.
Jumamosi walimleta adondoshe kisahani cha kwanza.
Walimtandikia zulia.
Akatembea kando ya zulia,
juu ya barafu yangu, na viatu vyake vya sokoni.

Manahodha wawili wakainama, magongo chini.
Mwamuzi akarudi nyuma hatua moja.
Mzee akanyoosha mkono,
na mkono haukufunguka.

Watu elfu tatu.
Nilisikia mabomba yakinguruma chini ya sakafu.
Nilisikia mtoto akiuliza, Amesahau?
Hakusahau.
Vile ni vidole vya msumeno, vya miaka arobaini kiwandani,
vilifunzwa kushika,
kuachia hakuna aliyevifunza.

Nahodha wetu, Joonatan,
kijana ambaye tangu Oktoba hajafunga hata bao la bahati,
alivua glavu kwa meno
akavifungua kimoja kimoja:
cha gumba, cha shahada, cha kati,
cha pete (hapo akangoja kidogo),
cha mwisho.

Kisahani kikaanguka, kikasimama kwa ubavu,
kikabingirika taratibu kama sarafu ya mlevi
mpaka chini ya zulia.
Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.
Mzee alicheka kuliko wote,
akamvuta Joonatan sikio, akamwambia neno.
Hajatuambia ni neno gani. Tumemnunulia bia, wapi.

Ndiyo, tulifungwa. Nne kwa mbili.
Yale mawili alifunga yeye.

Usiku nikatoa mtambo.
Katikati ya uwanja nikakuta chembe za mchanga,
ule wa barabarani, wa kuzuia watu kuteleza,
umeletwa na viatu vya sokoni.
Mchanga ni adui wa kisu changu.
Nikashuka, nikapiga magoti,
nikazizoa kwa kadi ya basi,
zote isipokuwa moja
ambayo sina sababu ya kuieleza bodi.

Kisha nikamwaga maji.

Na ule mstari wa dhahabu umechubuka, kidogo,
upande wa kushoto.
Wakiuliza, si mimi.